Kodi ya mwezi bila mkataba: notisi ni ya muda gani?

Katika vituo vingi vya biashara nchini Kenya, chumba hukodishwa kwa mdomo tu: unalipa, unapewa ufunguo. Kisha siku moja mwenye nyumba anasema, "Ijumaa uwe umetoka." Je, anaruhusiwa?

Kwa chumba cha kuishi, Sheria ya Ardhi ya 2012 hutazama jinsi unavyolipa. Ikiwa hamkupatana muda, na kodi ni ya kila mwezi, notisi haipungui mwezi mmoja, nayo huisha siku ya kulipa kodi. Inamfunga mpangaji pia. Anayehama usiku na godoro lake bado anadaiwa.

Duka lina ulinzi zaidi, hata hoteli ya chai na chapati. Pasipo mkataba wa maandishi, Sura ya 301 inataka notisi ya miezi 2, kwa fomu maalum, hata mwenye jengo akitaka kupandisha kodi tu. Usipokubali, mjibu kwa maandishi ndani ya mwezi mmoja, na ufikishe kesi kwenye jopo la mizozo ya kodi za majengo ya biashara kabla notisi haijaisha. Ukinyamaza, inatekelezwa. Tunavyoona, kubishana mlangoni ni kupoteza siku hizo bure.

Na zile meseji za M-Pesa za kodi, usizifute: zinaonyesha ulilipa lini na kiasi gani.