Makala ya Jikoni Yetu na Gorila wa Virunga



Juma lililopita tulipewa ulizo katika jeografia: Parke ya Virunga iko na faida gani? Wote tuliandika: wanyama, msitu, watalii, pesa. Mimi pia niliandika hivyo, nikapata pointi nzuri. Saa sita nikatumwa, kama kapita wa wanafunzi, kupokea makala jikoni. Chukudu mbili, zimejaa. Nikauliza msukumaji, makala hii imetoka fasi gani? Akacheka. Akasema, «Kaka, maharagi unakula ao haukule?»

Nilinyamaza, kwa maana ninakula, tena sana.

Parke ile iliundwa mwaka 1925, ya kwanza katika Afrika yote. Tangu 1994 iko kwenye orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini. Gorila wa milima anaishi tu kwenye milima ya Virunga, tunayogawana na Rwanda na Uganda, na kule Bwindi, Uganda. Hesabu iliyotolewa mwaka 2019 ilikuwa 1,063. Hata Ulaya hawamufungi katika bustani za wanyama. Basi mgeni anayetaka kumuona lazima aje mpaka huku, alale huku, ale huku, alipe kijana wa kumubebea mzigo. Lakini gorila bila msitu hayuko, na msitu ndio ule tunaochoma chini ya sufuria. Mwezi wa saba 2007 gorila walipigwa risasi katika parke, wakaachwa pale pale, nyama haikuchukuliwa. Uchunguzi ulielekea kwa wafanyabiashara wa makala.

Wengine wananiambia: vita inafukuza watalii, tulinde kwa nini? Ni kweli, mwaka 2018 utalii ulifungwa baada ya mlinzi kuuawa na Waingereza wawili kutekwa. Mwaka 2020 ulifungwa tena sababu ya korona, na tarehe 24 Aprili walinzi 12 waliuawa karibu na Rumangabo. Lakini katikati, mwaka 2019, njia ilifunguliwa na wageni walirudi. Mgeni anaweza kurudi kwa mwaka moja. Mti mkubwa wa msitu haurudi hivyo.

Simuhukumu mama mwenye watoto saba anayenunua kopo moja ya makala apike jioni. Yeye atapika na nini? Umeme wa Matebe uko tangu 2015, lakini haujafika kwa kila nyumba. Sisi lakini ni masomo nzima, tunanunua kwa gunia, na tuko na shamba nyuma ya uwanja wa mpira ambalo linaota majani tu.

Kwa hiyo ninaomba wakubwa wetu mambo mawili: muuzaji aulizwe makala yake inatoka wapi kabla ya kulipwa, na lile shamba lipandwe mikaratusi. Sisi wa kilasi ya sita hatutapika nayo, tutakuwa tumekwisha kwenda. Hata hivyo mashimo tutachimba sisi, mbele ya Egzameni ya Serikali. Mwenye jembe aje kwangu Jumamosi asubuhi, kisha chai.