Mwenye Kigugumizi Aachwe Amalize

Katika mikutano yetu ya hadhara, toka mashinani hadi wilayani, imejengeka desturi moja isiyofaa kuachwa iendelee. Msemaji hupimwa kwa wepesi wa ulimi wake kabla hoja yake haijapimwa. Mwenye kumwaga maneno kama mtama utokao guniani hushangiliwa, hata kama hakusema kitu. Na mwenye kukwama katika herufi moja huchekwa, hudakiwa maneno na watu wasiojua alikusudia kusema nini, kisha huombwa aketi ili muda usipotee. Ndugu huyo ana kigugumizi. Hana upungufu wa akili, wala wa ujasiri, wala wa uzalendo. Tena yawezekana kuwa ndiye peke yake mkutanoni aliyejiandaa kusema jambo.

Yafaa kwanza jambo lenyewe lieleweke. Mwenye kigugumizi analijua barabara neno analotaka kulitamka. Lililokataa ni mtiririko wake. Aghalabu hali hiyo huanza mtoto akiwa na umri wa kati ya miaka 2 na 5. Yakadiriwa kuwa watoto wapatao 5 katika kila 100 huipitia, na walio wengi hupona wenyewe, hata miongoni mwa watu wazima akabaki mtu 1 hivi katika 100, wanaume wakiwa wengi kuliko wanawake. Mara nyingi hufuata ukoo. Mwaka 2010 watafiti waliochunguza familia za Pakistan waligundua kasoro za urithi zinazohusika na kigugumizi, na mwaka 2015 ikatolewa habari ya kasoro nyingine iliyoonekana katika ukoo mmoja mkubwa wa Kamerun. Basi si uchawi, si laana ya mzazi, wala si dalili ya mtu kusema uongo.

Wala tusidhani kwamba ujinga katika jambo hili ni wa vijijini tu. Mwaka 1841 daktari bingwa wa upasuaji wa Berlin, Johann Friedrich Dieffenbach, alikuwa akiwakata watu ndimi kwa kisu akitumaini kuwaponya. Na mwaka 1939, katika jimbo la Iowa huko Marekani, watoto yatima walitumiwa katika jaribio la chuo kikuu. Baadhi yao, waliokuwa wakisema vizuri, wakaambiwa kila mara kwamba usemi wao una kasoro. Watoto hao wakaingiwa na hofu, wakawa wanyamavu, na wengine wakabaki na athari hiyo maisha yao yote. Chuo kiliomba radhi mwaka 2001, na mwaka 2007 jimbo likakubali kulipa fidia. Nalitaja jaribio hilo kwa sababu wako wazee na walimu kwetu hapa wanaolirudia kila siku bila kujua, kila wamwambiapo mtoto, "Wewe, sema vizuri!"

Waliosoma chuoni wanaikumbuka habari ya Nabii Musa katika Surat Taha. Alipotumwa kwa Firauni, Musa alimwomba Mola wake amfungulie fundo la ulimi, wapate kumfahamu asemapo. Akaomba pia nduguye Harun afuatane naye. Ndugu zetu Wakristo nao wanayo habari hiyo katika kitabu cha Kutoka. Yapasa kuangalia kwamba ujumbe haukuondolewa kwa Musa ukapewa Harun kwa kuwa Harun alikuwa msemaji zaidi. Musa alibaki kiongozi. Na aliyemcheka kwa ulimi wake, kama isimuliwavyo katika Surat Zukhruf, alikuwa Firauni.

Tukija katika zama za karibu, wazee wetu wa Singida walishika mikononi shilingi ya Afrika Mashariki yenye sura ya Mfalme George wa Sita wa Uingereza. Mtu huyo, kabla hajawa mfalme, alifika Mombasa Desemba 1924 kutembelea makoloni, na Oktoba 1925 alisimama katika uwanja wa Wembley kufunga maonyesho ya dola yao akakwama mbele ya umati. Mwaka uliofuata akaanza kufundishwa na Lionel Logue, Mwaustralia. Alipotawazwa baada ya kaka yake kujiuzulu mwaka 1936 kigugumizi kilikuwa hakijamwacha, na tarehe 3 Septemba 1939 ilimpasa kuwatangazia watu wake vita kwa redio. Hatuna haja ya kumsifu mfalme wa wakoloni. Lakini yule ambaye ufalme wake ulidaiwa kuwa hauguswi na jua likichwa, alikuwa akihesabu pumzi zake kama mtoto wa darasa la kwanza Kiomboi.

Mimi, nikiulizwa, ningemtanguliza Aneurin Bevan. Huyo hakuzaliwa katika jumba. Alizaliwa Tredegar, huko Wales, mwaka 1897, mwana wa mchimba makaa ya mawe, naye akaacha shule akiwa na miaka 13 akaingia mgodini. Alikuwa na kigugumizi kizito. Badala ya kukimbia mikutano ya wafanyakazi aliifuata. Na kwa kuwa alisoma sana, neno moja likimkatalia alikuwa na jingine mkononi la maana ile ile. Aliingia bungeni mwaka 1929, akawa mmoja wa wasemaji wakali kuliko wote waliopata kusikika mle. Akiwa Waziri wa Afya ndiye aliyesimamia kuanzishwa kwa huduma ya matibabu ya taifa, tarehe 5 Julai 1948, ambayo kwayo mgonjwa alitibiwa bila kuulizwa fedha. Wangemwambia aketi kule mgodini, wangepoteza waziri huyo.

Rais Joe Biden, aliyeiongoza Marekani toka 2021 hadi 2025, naye alikuwa na kigugumizi toka utotoni, na alijizoeza kwa kusoma mashairi mbele ya kioo. Habari zake zinajulikana, sitazirefusha. Isiyojulikana sana kwetu ni ya James Earl Jones, aliyezaliwa Mississippi mwaka 1931 na kufariki dunia mwaka 2024. Kwa miaka kadhaa ya utoto wake alikuwa karibu na bubu kwa kuogopa kuchekwa. Shuleni mwalimu wake, Donald Crouch, aligundua kwamba kijana yule anatunga mashairi, akamtaka alisome moja mbele ya darasa kuthibitisha kuwa ni lake. Akalisoma lote bila kukwama. Watoto wetu wanaijua sauti yake pasipo kumjua mwenyewe: ni sauti ya mfalme Mufasa katika filamu ile ya mwaka 1994 yenye simba aitwaye Simba na nyani aitwaye Rafiki.

Jambo hilo la shairi halina muujiza. Aliyepita chuoni amelishuhudia. Nilisoma na mwenzetu ambaye kuitikia jina lake tu kulikuwa kazi kubwa. Lakini akianza kusoma juzuu kwa mahadhi, au tukisoma sote kwa pamoja, sauti yake ilitoka imenyooka kama uzi wa fundi. Wataalamu wanalijua hilo: wimbo na usomaji wa pamoja humwondolea kigugumizi mtu kwa muda. Mwenzetu huyo huyo, katika shule ya msingi, ambako kila mtoto husimama peke yake na kujibu upesi, alihesabiwa kuwa mzito wa kichwa.

Madhara ya dharau hii hayamwishii mwenye kigugumizi. Nilihudhuria mkutano wa kijiji uliojadili pampu ya maji. Akasimama mkulima mmoja wa alizeti, akaanza kuuliza habari ya fedha za dizeli, akakwama. Kicheko kikapita, na mwenyekiti akamwambia aketi, swali lake apeleke ofisini. Hapo bibi mmoja akainuka. "Mwenyekiti, mwanangu," akasema, "pampu imelala miezi minane nasi tumesubiri. Dakika tatu za huyu zinawashinda?" Mwenyekiti akasema, "Haya, bibi, tumesikia," na mkulima akapewa nafasi. Swali lake lilikuwa na tarehe, na kiasi, na majina ya waliotia saini. Mkutano ule haukuwa na swali jingine la namna hiyo.

Kwa hiyo wenyeviti wa vijiji na vitongoji yawapasa kuzuia kicheko kama wanavyozuia matusi. Wenye kusaili watu kwa kazi waangalie kwamba nchi yetu ina Sheria ya Watu wenye Ulemavu tangu mwaka 2010, inayokataza ubaguzi katika ajira; kazi isiyo ya utangazaji haihitaji ulimi wa mtangazaji, na maswali mengine yaweza kujibiwa kwa maandishi. Wataalamu wa tiba ya usemi ni wachache mno nchini. Makerere walianza kutoa shahada ya fani hiyo mwaka 2008, na vijana wetu wa sayansi wangefaa kuhimizwa kuifuata.

Sisi waandishi nasi tuna deni. Kila kiongozi akwepapo swali tunaandika kwamba "amepata kigugumizi." Huyo hana kigugumizi, ana hila, na tuandike hivyo.

Lililo jepesi kuliko yote liko shuleni. Watoto wa madarasa ya chini hupimwa kusoma kwa sauti, na hesabu hufanywa ya maneno aliyoyasoma mtoto kwa dakika. Mtoto mwenye kigugumizi anayejua kusoma kila neno huandikwa kuwa hajui. Mwalimu anaweza kuliepuka hilo kwa kumpima bila saa, au kwa kumwacha asome pamoja na mwenzake, kisha amwulize maswali juu ya habari aliyoisoma. Jambo hilo halitaki bajeti. Lataka waraka mmoja toka ofisi ya elimu ya wilaya, nao waweza kufika mashuleni kabla ya muhula wa Januari kufunguliwa.