Nembo ya bibi haina Uafrika?

Jamani, leo nina hasira, mtanisamehe.

Rafiki yangu anasoma London na jioni anasaidia kikundi cha vijana wa sekondari wanaotengeneza video fupi za historia ya watu weusi, za kurushwa Oktoba. (Uingereza mwezi huo huadhimishwa Oktoba tangu 1987, Wamarekani wao Februari.) Wamepiga picha wenyewe, wamehoji wenyewe. Bibi wa mmoja wao alikuwa kondakta wa basi. London Transport ilianza kuajiri watu moja kwa moja kutoka Barbados mwaka 1956, na bibi huyo ametunza tiketi za zamani. Basi vijana wakachukua tiketi moja, wakaandika juu yake jina la video zao kwa kalamu nene. Nembo ikawa hiyo.

Mfadhili kaikataa. Eti "haina Uafrika". Kawaletea yake: ramani ya Afrika, mnyororo uliokatika, na zile herufi nene utadhani zimekatwa kwa shoka.

Hebu tuanze na hizo herufi. Zinaitwa Neuland, na Mwafrika hakuzigusa. Alizibuni Mjerumani, Rudolf Koch, mwaka 1923. Baadaye zikageuzwa sare ya chochote "cha Kiafrika", kuanzia majalada ya vitabu. Mwaka 1993 Jurassic Park nayo ikazivaa. Yaani sisi na dinosaria, kabati moja!

Sipingi nyekundu, nyeusi na kijani. Rangi hizo zina wenyewe: UNIA ya Marcus Garvey ilizipitisha New York mwaka 1920. Ninachopinga ni mnyororo kwenye kila video. Hata hadithi ya bibi aliyekata tiketi inageuka ya utumwa kabla hajafungua mdomo. Mfadhili anasema watu watambue haraka. Watambue nini sasa?

Na asitudanganye kwamba vijana hawawezi. Mwaka 1900, kwa ajili ya maonyesho makubwa ya Paris, W.E.B. Du Bois aliwakalisha wanafunzi na wahitimu wa Chuo Kikuu cha Atlanta wakachora kwa mkono chati zipatazo 60 kuhusu maisha ya weusi wa Marekani: ardhi yao, shule zao, kazi zao. Mmoja unaonyesha weusi wa Georgia waliokaa vijijini kwa mstari mwekundu uliojizungusha kama konokono, kwa kuwa walikuwa wengi mno kutoshea mstari ulionyooka. Michoro hiyo ipo Maktaba ya Bunge, Washington, na mtandaoni ni bure. Ukiiona huwezi kuisahau, na nyororo la kukatika halipo hapo.

Rafiki yangu kaniuliza kama wakubali tu, hela isije ikapotea. Nimemwambia wachapishe ule mstari mwekundu, wauweke mezani pamoja na tiketi ya bibi, halafu wanyamaze, mfadhili aongee mwenyewe.

Wanakutana naye Ijumaa.