"Utafiti" Si Kazi ya Mstari Mmoja

Muhula uliopita orodha ya kwenye simu yangu ilikuwa na mistari minne iliyofuatana: kusaini bumu, kurudisha kitabu maktaba, kufua mashuka, utafiti. Mitatu niliiwekea tiki ndani ya siku mbili. Wa nne ukakaa pale wiki saba. Kila asubuhi nafungua simu, nauona, naupita. Wiki ya nane msimamizi akaniuliza sura ya kwanza iko wapi. Na sikuwa mvivu jamani, kila siku nilikuwa naweka tiki!

Shida ni kwamba "utafiti" si kazi, ni mradi. David Allen, Mmarekani aliyeandika Getting Things Done mwaka 2001, anaita mradi jambo lolote linalohitaji zaidi ya hatua moja. Kwa kipimo hicho hata barua ya kukusanyia data ni mradi: kuandika ombi, kulipeleka idarani, kufuatilia, kufuatilia tena, kuichukua. Ukiandika "barua" tu, simu inakukumbusha hofu, haikwambii leo ufanye nini.

Programu zenyewe zinaijua tofauti hii. OmniFocus ina miradi ya kufuatana, ambayo hatua ya pili husubiri ya kwanza iishe, miradi ya sambamba, na orodha ya kazi moja moja zisizohusiana. Hiyo ni ya vifaa vya Apple na inalipiwa, kwa hiyo wengi wetu tuishie kuisikia. Lakini wazo lake halilipiwi. Kwenye Google Tasks fungua orodha moja uiite "Utafiti", nyingine "Moja moja", basi.

Sisi wa elimu ndio tuone aibu zaidi. Tunafundishwa azimio la kazi na andalio la somo ni vitu viwili. Hakuna anayeingia kidato cha pili kwenye BTP na andalio lililoandikwa "kufundisha Kemia". Mkaguzi angekucheka. Mbona kwenye maisha yetu tunaandika hivyo hivyo?

Wapo pia waliozidisha upande wa pili. Namjua mtu, tunalala chumba kimoja, ana mradi wa "Usafi" wenye rangi yake, na ndani yake kuna kitu kimoja: kununua sabuni. Jumamosi nzima aliimalizia kupanga rangi. Kununua sabuni ni kwenda dukani, mzee. Toleo la bure la Todoist lina kikomo cha idadi ya miradi, na mimi naona kikomo hicho kinatusaidia.

Ila pale panapouma kweli ni kazi za vikundi. Kwenye WhatsApp mtu anaandika "assignment, Ijumaa, wote tushiriki", watu wanajibu kwa vidole gumba, Alhamisi usiku mmoja anakesha na wengine saba wanaandikwa majina. Uvivu upo, sikatai. Lakini kazi isiyokatwa vipande haina wa kuidaka. Ikatwe, kila kipande kiwe na jina la mtu mmoja na siku yake, ndipo tujue nani wa kumtoa kwenye orodha ya majina.

Mstari wangu wa leo unasema: kumtumia msimamizi dodoso, kabla ya saa kumi. Sasa hivi ni saa tisa na nusu.