MWENYE KUDAI HAKI NA AFUNGUE DAFTARI LAKE



Katika mkutano wa tawi uliopita aliinuka mzee mmoja, mtu asiyezoea kusema mbele za watu, akauliza suali lililowanyamazisha wote. Alisema: "Mnatwambia chama hiki ni cha wanyonge. Mbona nyote mliokaa mbele mna maduka?" Mwenyekiti alicheka, wengi wakacheka naye, na kikao kikaendelea na mambo ya viti na turubai. Sisi hatukucheka, kwa kuwa sisi tunaoandika mistari hii ni wenye duka, na siku ile tulikuwa miongoni mwa waliokaa mbele. Suali lile tumekwenda nalo nyumbani na tumelala nalo. Leo tumeona ni wajibu wetu kulijibu hadharani, kwani mtu mzima akiuliza jambo la haki hajibiwi kwa kicheko.

Wako ndugu zetu wanaolikimbia neno hili "siasa ya kushoto" kama mtu anavyokimbia jina la maradhi. Mkono wa kushoto kwetu hatuli nao, wala mgeni hatumpi kitu kwa mkono huo, basi jina lenyewe limeanza na mkosi. Lakini asili yake si lolote ila mpango wa viti. Mwaka 1789, katika Baraza la Taifa la Ufaransa, waliotaka kupunguza uwezo wa mfalme walikaa kushoto kwa mwenyekiti, na waliotaka uwezo huo ubaki wakakaa kulia. Kwa maoni yetu, na hapa hatusemi kwa niaba ya Kamati Kuu, mtu wa kushoto ni yule anayeshikilia kuwa mwenye kufanya kazi ana haki katika kilichopatikana kwa kazi yake, na kuwa haki hiyo si sadaka ya tajiri. Kwetu jambo hilo si geni. Tuliosoma chuoni juu ya jamvi tuliijua khabari ya kibarua na ujira wake kabla hatujalisikia jina la Karl Marx, na tulihifadhi sura nzima iliyopewa jina la wapunjao vipimo. Aliyeihifadhi sura hiyo, kisha akaegemeza kidole kwenye mizani, hana haja ya kungojea kitabu cha Mzungu kije kumhukumu.

Lawama ya pili tunayoisikia barazani ni kuwa chama kidogo cha tatu hakina kazi ila kugawa kura. Katika visiwa hivi hatuhitaji kwenda mbali kutafuta ushahidi wa jambo hilo. Mwishoni mwa mwaka 1959 watu walitoka katika Afro-Shirazi wakaunda Z.P.P.P. Uchaguzi wa Januari 1961 ulikuwa wa viti 22: Afro-Shirazi ilipata 10, Hizbu ikapata 9, na chama kile kipya kikapata 3. Hivyo watu watatu wakajikuta wameshika ufunguo wa Serikali. Na walifanya nini nao? Wawili walikwenda Hizbu, mmoja akaenda Afro-Shirazi, pande zote mbili zikawa na 11, na Serikali haikuundika. Ikabidi uchaguzi urudiwe mwezi wa Juni mwaka uleule, kiti kimoja kikiwa kimeongezwa. Safari hii Afro-Shirazi 10, Hizbu 10, na Z.P.P.P. 3, wote watatu upande wa Hizbu. Siku ya kupiga kura fujo zilizuka Unguja, na zilipokwisha walikuwa wamekufa watu 68. Julai 1963 Afro-Shirazi ilipata zaidi ya nusu ya kura zote na bado ikabaki na viti 13 kati ya 31. Hizbu kwa viti 12 na Z.P.P.P. kwa 6 wakaunda Serikali. Na mwaka huohuo Abdulrahman Babu na wenzake, waliokuwa watu wa kushoto ndani ya Hizbu, walitoka wakaunda Umma. Chama hicho kilipigwa marufuku mwanzoni mwa Januari 1964, na baada ya Mapinduzi kikaingizwa ndani ya Afro-Shirazi kabla hakijatimiza mwaka.

Hatuyataji haya kwa kufufua uhasama. Wazee wa pande zote wangali wamo majumbani mwetu, na kila nyumba ina maiti wake. Tunayataja kwa sababu tunaona watu wamejifunza somo silo. Wanasema kosa lilikuwa kuwako kwa chama cha tatu. Sisi twasema kosa, khasa lile la Januari 1961, lilikuwa mpiga kura kumchagua mtu bila ya kujua atauza uzito wake kwa nani na kwa bei gani. Alitia kura yake kwa chama kimoja, kisha akaona waliochaguliwa wamekwenda njia mbili.

Tazameni kwa wale waliotuletea masanduku ya kura. Uingereza palikuwa na vyama viwili vikubwa, Conservative na Liberal, vilivyokuwa vikipokezana nchi kama ndugu wawili wapokezanao kitanda. Mwaka 1900 vyama vya wafanyakazi pamoja na wasoshalisti waliunda kamati ndogo ya kupeleka watu wao Bungeni, na katika uchaguzi wa mwaka ule wakapata Wabunge wawili tu. Aliyekikuza chama hicho, tukisema kweli, alikuwa adui yake. Agosti 1900 wafanyakazi wa Kampuni ya Reli ya Taff Vale, huko Wales, waligoma. Kampuni haikutosheka na kuumaliza mgomo, bali ilikwenda mahakamani kukidai chama cha wafanyakazi hasara yote. Mwaka 1901 Baraza la Malodi lilihukumu kuwa chama kinaweza kudaiwa, na chama kikalipa fidia ya pauni 23,000. Fedha hizo zilikuwa michango ya watu wa makaa na mafuta ya reli. Baada ya hukumu hiyo vyama vingi vya wafanyakazi vilivyokuwa vimesimama kando viliingia katika kamati ile, kwani sasa kila mmoja alifahamu kuwa sanduku lake la akiba liko hatarini.

Mwaka 1903 kamati hiyo ilipatana kwa siri na Liberal kuachiana majimbo, na uchaguzi wa 1906 ikapata Wabunge 29 katika Bunge la watu 670. Si kitu, atasema mwenye kuhesabu vichwa. Lakini mwaka uleule sheria ilitungwa iliyoiondoa hukumu ya Taff Vale, na chama cha wafanyakazi hakikuweza tena kudaiwa hasara ya mgomo. Kwa kuongoza nchi walingoja mpaka Januari 1924. Wale 29 walikuwa wachache sana, lakini hapakuwa na mtu asiyejua walichokuwa wakikitaka. Bei yao ilikuwa imebandikwa ukutani. (Huko kupatana kwa siri hatukusifu, ijapokuwa kuliwafaa. Siri za namna hiyo visiwani humu zimekwisha tugharimu mno.)

Sasa tuje kwa mzee wetu na maduka. Mwenye mali aweza kweli kusimama na wasio nayo? Wako wasemao haiwezekani, na wako wasemao yatosha awe na moyo mwema. Sisi hatukubali la kwanza, na la pili tunaliogopa.

Robert Owen alianza kusimamia viwanda vya pamba vya New Lanark, Scotland, Januari 1800, naye alikuwa mmoja wa wenye mali. Marekani ilipozuia pamba isitoke, mashine zilisimama miezi minne. Wenye viwanda wengine waliwafukuza watu wao, lakini yeye aliwalipa mishahara kamili kwa kuziweka safi mashine zisizozunguka. Alikataa kuajiri watoto wa chini ya miaka kumi akawajengea skuli. Lililotugusa sisi zaidi ni duka lake. Siku hizo matajiri wengi waliwalipa wafanyakazi kwa vibati vya kununulia vitu katika duka la tajiri mwenyewe, na humo mlikuwa na unga mbovu kwa bei ya juu, hata mshahara ukarudi mfukoni mwa aliyeutoa. Owen alinunua vitu vizuri kwa jumla, akaviuza karibu na bei aliyonunulia, na faida ile ndogo ikasaidia kuiendesha skuli. Sisi tuliomo katika kazi hii tunajua ugumu wake. Kupunguza bei ya sukari wakati jirani yako ameipandisha ni jihadi ambayo hapana akupigiaye ngoma.

Hata hivyo Owen alibaki bwana. Juu ya kila mashine alitundika kipande cha mti chenye rangi nne, nyeusi, buluu, manjano na nyeupe, na kila siku rangi iliyogeuzwa mbele ilimwambia kila apitaye jinsi mfanyakazi yule alivyofanya jana yake. Hapakuwa na kipande cha mti kilichotundikwa juu ya kiti cha Owen. Wafanyakazi wake walikuwa na tajiri mwema, na wema huo ulikuwa wake, angeweza kuondoka nao siku yoyote aipendayo.

Ndiyo maana tunawaona bora zaidi wale watu 28 wa mji wa Rochdale, wengi wao mafundi na wafuma nguo, waliofungua duka lao tarehe 21 Disemba 1844. Vitu vyao vilikuwa vichache: siagi, sukari, unga, shayiri na mishumaa. Waliahidi chakula kisichochanganywa na kipimo kisichopunjwa, faida wakaigawa kwa kadiri ya manunuzi ya kila mmoja, na katika mkutano kila mwanachama alikuwa na kura moja, awe na hisa nyingi au chache. Kutokana na vyama vya ushirika vya namna hiyo kilizaliwa mwaka 1917 chama cha siasa, Co-operative Party, nacho kikiwa kidogo. Mwaka 1927 kilipatana na Labour kwa mkataba unaojulikana, na mpaka leo watu wake husimama uchaguzini kwa jina la vyama viwili pamoja. Sanduku la duka lao lilikuwa wazi kwa wanunuzi kabla hawajaomba kura ya mtu.

Na huku kwetu tuliwahi kuwa na sharti juu ya viongozi. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilimkataza kiongozi kuwa na hisa katika kampuni, kuwa mkurugenzi wa kampuni ya watu binafsi, kupokea mishahara miwili au zaidi, na kuwa na nyumba ya kupangisha. Februari 1991 chama tawala kilikutana kisiwani humu na masharti hayo yakalegezwa, na watu wakauita uamuzi ule Azimio la Zanzibar. Linatuuma kuwa mlango ule ulifunguliwa kwa jina la visiwa vyetu. Lakini tuseme kweli, sharti la Arusha lingetutoa sisi wenye maduka katika uongozi wote, na sharti la kukataza lina udhaifu wake, kwani mali ya mtu huweza kuandikwa jina la mke au la shemeji. Rai yetu ni nyingine. Mwenye mali na aingie, ila aingie na daftari lake mkononi.

Tunaijua khabari ya mfanyabiashara mmoja, hatumtaji, aliyesimama jukwaani akawalilia wapagazi hata sauti ikamkauka, na siku ile wachukuzi wake mwenyewe walikuwa na miezi miwili hawajalipwa. Tulikuwa tayari kumwandika hapa kwa urefu. Kalamu ilipofika kwake ilituuliza khabari zetu.

Tuna kijana anayetuuzia dukani. Kwa miezi mitatu tulimpa nusu ya mshahara wake, tukamwambia nusu ya pili itakuja msimu wa karafuu. Msimu ukaja, ukaondoka. Katika miezi hiyohiyo tulinunua jokofu jipya, na tulitoa mchango wa kukodi gari la chama; jina letu likasomwa mkutanoni, tukapigiwa makofi. Fedha tuliyopigiwa makofi ilikuwa ya kijana yule, naye alikuwapo, amesimama nyuma kwa kukosa kiti. Hakusema kitu. Angesema wapi? Dukani sisi ndio bwana, na tawini sisi ndio Katibu.

Kwa hiyo, mzee wetu, hili ndilo jibu, na tunaliweka mbele ya mkutano ujao liwe hoja. Kila anayetaka kuingia katika Kamati ya Tawi, naye ameajiri mtu, iwe dukani, chomboni au shambani, alete daftari la mishahara. Lisomwe na wanachama wawili walio waajiriwa, wala lisisomwe na wafanyabiashara wenzake, na wawe na ruhusa ya kuwauliza wanaolipwa bila ya tajiri kuwapo. Mwenye deni asifukuzwe, bali apewe muda wa kulipa, na muda ukipita kiti chake kipewe mwengine. Na kabla ya uchaguzi ujao tawi liandike kwa kalamu moja mambo ambayo mtu wetu akichaguliwa hatayauza kwa chama chochote kikubwa, yabandikwe ukutani pale pale panapobandikwa jina lake.

Tunajua baadhi ya wenzetu wa safu ya mbele watakasirika, na kwamba mmoja wao ndiye anayetukopesha karatasi za gazeti hili. Daftari letu liko juu ya meza ya tawi tangu Ijumaa. Deni lilikuwa nusu mshahara kwa miezi mitatu. Miezi miwili imekwisha lipwa; wa tatu kijana ametuomba tumwekee mpaka wiki ijayo, atakapokwenda kumwandikisha mwanawe skuli.