Samaki asiyetembea, au mpimaji asiyeangalia?

Nimepotea kidogo, kazi zilinizidi. Leo nazungumzia samaki, lakini ngoja nianze na seva.

Kuna seva niliyokuwa nikiitunza. Niliandika programu ya kupima mzigo wake mara moja kila saa, saa ikigonga. Grafu ilikuwa tambarare, nami nikajisifu. Kumbe kila usiku, saa nane na dakika ishirini, ilikuwa ikizimia kwa dakika kumi. Wateja walijua kabla yangu!

Wanaofuatilia samaki kwa redio hukabiliwa na mtego uo huo. Samaki hufungwa kifaa kidogo kinachorusha mapigo ya redio, kisha mtafiti hutembea kando ya mto na eriali akimsaka. (Baharini haiwezekani, kwani maji ya chumvi humeza mawimbi ya redio. Huko hutumika sauti.) Kila anapompata huweka alama kwenye ramani. Mwishowe alama huunganishwa kwa mistari iliyonyooka, na urefu wake ndio huitwa mwendo wa samaki.

Sasa chukua samaki anayejificha chini ya jiwe mchana. Jioni anapanda mto mita 200 kutafuta chakula, alfajiri anarudi pale pale. Ametembea mita 400. Wewe unamtafuta kila siku saa nne asubuhi. Utaandika nini? Sifuri! Ni kama kuangalia matatu ikiwa imeegeshwa kila usiku wa manane, kisha useme haifanyi kazi.

Kanuni ya Nyquist yasema ukitaka kuona jambo linalojirudia, lipime zaidi ya mara mbili katika kila mzunguko. Kwa mzunguko wa saa 24, vipimo viachane kwa chini ya saa 12, na hapo bado utaona kwa shida. Etienne Baras aliandika kuhusu suala hili mwaka 1998, akiwatumia samaki aina ya Barbus barbus wa mto Ourthe, Ubelgiji. Si jambo geni.

Basi tupime kila dakika? Hapana. Ikiwa kila kipimo hukosea kwa mita 5, samaki aliyetulia tuli ataonekana "ametembea" mamia ya mita kwa saa moja. Ukipima kwa nadra unapunja, ukipima mno unazidisha.

Msimamo wangu ni huu: umbali usioambatana na muda kati ya vipimo si takwimu, ni uvumi. Mtu akitaka kujenga bwawa na kuambiwa samaki wa mto huo hawahami, atafurahi sana. Lakini je, hawahami kweli, au hawakuangaliwa usiku?

Dawa ipo, na waandishi wa programu tunaijua. Fuatilia samaki wachache kwa karibu usiku na mchana kwa siku kadhaa. Kisha iachie kompyuta ipunguze alama: ibakize za kila saa, za kila saa sita, za kila siku. Utaona ni wapi ukweli unaanza kupotea. Hapo ndipo uchague ratiba. Na unapolinganisha tafiti mbili, punguza kwanza ile yenye alama nyingi hadi zilingane. Data ghafi, pamoja na saa za vipimo, itolewe kwa kila mtu.

Mimi nilibadilisha programu yangu siku iyo hiyo. Wewe je, grafu yako inapima saa ngapi?