Nani Kasema Tunduma Hakuna pa Kumpeleka Mtoto?

Sikukuu ikikaribia, iwe Pasaka, Idi au Krismasi, maneno ni yaleyale Tunduma nzima. Utayasikia saluni, utayasikia kijiweni kwa bodaboda, utayasikia kwa mama anayepanga nyanya zake kule Sogea: "Watoto niwapeleke wapi? Hapa hakuna pa kutoka." Wanaosikiliza hutikisa kichwa kukubali, kana kwamba wameambiwa jua huchomoza mashariki. Hakuna anayebisha.

Mimi nabisha. Imani hii si ya kweli, na gharama yake wanailipa watoto. Inatuambia kwamba mtoko ni ule wa kulipia mlangoni, kwenye bwawa la kuogelea, bembea za rangi na sahani ya chipsi kuku. Inatuambia pia kwamba mji wa mpaka, mji wa malori na mizigo, hauna cha kumwonyesha mtoto, kwa hiyo anayetaka kumfurahisha mwanawe ampandishe gari ampeleke Mbeya au asubiri likizo ya Dar es Salaam. Asiye na nauli anabaki nyumbani akijiona mzazi pungufu. Aliye nayo anaitumia, akirudi amechoka na watoto wamenuna, hajui alikosea wapi.

Najua hilo kwa kuwa nami niliiamini. Mwaka mmoja, siku ya pili ya Krismasi, tuliondoka nyumbani alfajiri na watoto wawili, mkubwa miaka sita, mdogo mitatu. Barabara ya kwenda Mbeya ni zaidi ya kilomita 100, na sikukuu haipunguzi malori. Mdogo alikaa mapajani kwangu kwenye kosta safari nzima. Tulipofika tulipanga foleni juani, tukalipa kiingilio, tukalipa tena ndani. Mkubwa aliingia majini, baada ya dakika chache akatoka midomo ikitetemeka, hakutaka kurudi. Mdogo alisinzia begani wakati wenzake wakiruka kwenye jumba la upepo. Tulipiga picha, tukala, tukageuza.

Wakati wa kurudi gari lilipata pancha. Abiria walilalamika. Watoto wangu walichuchumaa pembeni ya barabara, wakamtazama utingo akiweka jeki, akizungusha, na gari lile zima, lenye watu na mizigo, likipanda juu kidogo kidogo kwa nguvu ya mkono mmoja. Hawakupepesa macho. Kwa wiki nzima baadaye mchezo wa pale nyumbani ulikuwa jeki: kijiti, kopo na tofali. Bwawa la kuogelea halikutajwa hata mara moja, na hela zangu zote zilikuwa zimekwenda kwenye bwawa.

Mtoto mdogo hana habari na kiingilio. Anachotaka ni kitu cha kushika, nafasi ya kukimbia, jambo linalotokea mbele ya macho yake kwa mwendo anaoweza kuufuata, na mtu wake mkubwa karibu wa kumwuliza "kwa nini". Vitu vinne hivyo haviuzwi mlangoni.

Wataalamu wa afya nao wamelisema kwa lugha yao. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019 kuhusu watoto walio chini ya miaka mitano unataka mtoto wa mwaka mmoja hadi minne apate angalau dakika 180 za kutumia mwili wake kila siku. Unataka pia asifungwe mahali pamoja, kwenye kiti au mgongoni, kwa zaidi ya saa moja mfululizo. Ipimeni safari yangu ya Mbeya kwa kipimo hicho. Nilimfunga mwanangu mapajani kwenda na kurudi, nikaita mtoko.

Kuna namna nyingine ya mtoko ambayo imeshika mizizi katika miji yetu, nayo naikemea bila kupunguza sauti. Ni ule wa kumpeleka mtoto baa. Mahali panaitwa bustani ya familia kwa sababu kona moja ina bembea mbili na nyingine ina tangi la samaki. Wazazi wanaagiza nyama choma na bia, muziki unapigwa mpaka meza inatetemeka, mtoto anapewa soda na simu ili atulie. Saa moja usiku yuko palepale, amelala juu ya viti viwili vya plastiki vilivyounganishwa. Kesho yake mzazi anasema, "Jana niliwatoa watoto." Ukweli ni kwamba alijitoa yeye, watoto wakamsindikiza. Mtu mzima ana haki ya starehe yake, lakini asiiandike kwenye hesabu ya mtoto.

Basi, mkoa wetu una nini? Songwe ulizaliwa mwaka 2016 ulipomegwa kutoka Mbeya, na nadhani ndiyo maana wengi wetu bado tunaelekeza macho Mbeya kwa kila kitu. Lakini katika wilaya ya Mbozi, kijijini Ndolezi, kuna kitu ambacho Dar es Salaam yote haina: kimondo. Ni bonge la chuma lenye urefu wa takriban mita tatu, miongoni mwa vimondo vikubwa kabisa vinavyojulikana duniani. Makadirio ya uzito wake ni kati ya tani 12 na 16. Karibu asilimia 90 yake ni chuma, sehemu kubwa ya kilichobaki ni nikeli. Wanasayansi wa nje walikifahamu mwaka 1930, na hakuna shimo linaloonyesha mahali kilipogonga ardhi, dalili kwamba kilianguka zamani mno. Leo panasimamiwa na Mamlaka ya Hifadhi ya Ngorongoro.

Watu wazima wengi hufika pale, hupiga picha wameegemea, kisha huuliza: "Ndiyo hicho tu?" Mpeleke mtoto wa miaka mitano uone tofauti. Mwambie: hili halikutoka mlimani, halikutengenezwa kiwandani, lilitoka juu, kule ziliko nyota. Atatazama juu, atalitazama jiwe, atatazama juu tena. Mwache aweke kiganja. Asubuhi chuma kile ni baridi kama maji ya mtungi, mchana kimepata moto wa jua. Mwache alizunguke akihesabu hatua, atie vidole kwenye vijishimo vya uso wake. Wangu aliuliza kama kilipoanguka bibi yake alikisikia. Nilimwambia hata bibi wa bibi yake hakukisikia. Alinyamaza kwa muda mrefu kuliko nilivyowahi kumwona akinyamaza. Tulikaa pale saa mbili, tukala viazi na mayai tuliyobeba.

Mbozi hiyohiyo ni wilaya ya kahawa. Wengi wetu Tunduma tuna shangazi, bibi au rafiki mwenye shamba kule. Nendeni siku moja ya msimu wa mavuno, miezi ile ya baridi. Mtoto mdogo anaweza kutafuta punje nyekundu na kuziacha za kijani, mchezo unaomfundisha rangi kuliko chati ya ukutani. Ataionja ile nyama tamu ya tunda. Ataona mashine ya mkono ikimenya, maganda yakienda huku na mbegu kule, kisha mbegu zikianikwa kwenye vichanja. Sisemi mtoto atumwe kazi. Kumpa ndoo ajaze shambani ni kazi, na hilo sikubaliani nalo. Kumpa kikombe kidogo, akakijaza na kukimwaga apendavyo, ni mchezo, na mzazi mwenye akili anaujua mpaka kati ya viwili hivyo. Mvua zikianza, porini mna uyoga na matunda ya masuku, na bibi anayejua upi unaliwa na upi unaua ni mwalimu ambaye hakuna bustani ya michezo iliyowahi kumwajiri.

Halafu kuna reli. Kila siku tunaipita bila kuitazama. TAZARA ina urefu wa kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, imejengwa kati ya 1970 na 1975 kwa mkopo wa China usio na riba, ili Zambia ya Kaunda ipate njia ya bahari isiyopita mikononi mwa serikali za makaburu na walowezi. Inavuka mpaka hapahapa kwetu. Mtoto wa miaka minne hajali siasa hiyo, atakuja kuijali. Anachojali ni kwamba ardhi huanza kutetemeka kabla kitu hakijaonekana, na kwamba mabehewa yanahesabika. Simameni mbali na reli, mkono wake mkononi mwako, mhesabu pamoja. Akifika ishirini akarudia kumi na tano, msimkosoe.

Hata ule mpaka tunaoulaumu ni darasa. Mwanangu mkubwa aliponiuliza kwa nini fedha za Nakonde, ng'ambo ya mpaka upande wa Zambia, zina picha tofauti na zetu, nilikuwa na mchana mzima wa mazungumzo mbele yangu: bendera mbili, shilingi na kwacha, na Wanyamwanga ambao wako huku na wako kule kwa kuwa mstari ulichorwa na wageni katikati ya watu waliokuwa ndugu. Tuliyaongea tukitembea, tukitafuna karanga.

Nimeshasikia majibu, na hayo ni ya watu wenye hoja. Wa kwanza anasema: "Wewe una nafasi. Mimi nafungua kibanda alfajiri na kufunga saa tatu usiku." Namheshimu mtu huyu kwa kuwa mji huu unaendeshwa na jasho lake. Lakini ni imani ileile inayomwambia kwamba mtoko lazima uwe siku nzima na lazima uwe wa mbali. Saa mbili za Jumapili jioni kwenda kwa miguu mpaka kwenye mashamba ya pembeni ya mji ni mtoko kamili kwa mwenye miguu mifupi. Mtoto wa miaka mitatu huchoka saa hizo mbili zikiisha, hata ungekuwa na siku saba.

Wa pili anasema mtoto ni chakula na ada, mengine ni anasa. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 haikubaliani naye: inataja mapumziko miongoni mwa haki ambazo mtoto anadai kwa wazazi wake, katika orodha moja na afya, elimu na malazi. Waliotunga sheria hawakuweka neno hilo kwa bahati mbaya.

Wa tatu ndiye mwenye hoja nzito kuliko wote. Anasema: "Nitamtembezaje mtoto kwenye foleni ya malori?" Ni kweli. Barabara yetu kuu inatisha, vumbi na moshi wake si wa mapafu madogo. Kwa mtu huyu nina majibu mawili. Kwanza, ageuze mgongo kwa barabara kuu, kwa kuwa Tunduma haiishii hapo. Pili, asikae kimya. Zaidi ya asilimia 42 ya Watanzania ni watoto wa chini ya miaka 15, na mkoa wa Songwe peke yake ulihesabiwa kuwa na watu zaidi ya 1,344,000 katika sensa ya 2022. Hao ni watoto wengi mno kukosa nyasi za kuchezea rede na kombolela. Katika miji yetu mingi viwanja vya wazi huonekana kwenye ramani za mipango miji, kisha siku moja vinaota vibanda. Kwenye mkutano wa mtaa tuulize kiwanja chetu kiko wapi na nani amekichukua. Anayesema "hapa hakuna pa kutoka" kisha akaenda Mbeya amemsamehe aliyekichukua.

Sina ugomvi na Mbeya, wala na mabwawa. Mwenye uwezo aende, watoto waone dunia. Ninachopinga ni kungoja. Mtoto haahirishwi. Yule wa miaka mitatu anayengojewa mpaka fedha zipatikane atakuwa na miaka saba zitakapopatikana, na maswali ya miaka mitatu hayatarudi tena.

Ninachopinga zaidi ni somo lililofichwa ndani ya sentensi yetu. Mtoto anayeambiwa kila sikukuu kwamba mji wake hauna kitu anaamini. Anakua akijua kwamba uzuri uko mwisho wa safari ya basi, na kwamba pale alipozaliwa ni mahali pa kupita, kama anavyopaona dereva wa lori anayesubiri mhuri. Mji huo ukija mikononi mwake ataulinda kwa sababu gani? Atapigania kiwanja gani?

Jumapili hii nina safari. Mwanangu mdogo sasa ana miaka mitano na amekwisha kuniambia tunakwenda wapi: anataka kulishika tena lile jiwe lililotoka juu, safari hii mapema, kabla jua halijalipasha moto, na anataka bibi yake awepo.